Nilivyomtuza Dada wa Mzee Dieter

Siku niliyoagwa kazini, ofisi yetu ya Carrollton ilinizawadia saa ya ukutani. Miaka yote niliyokimbizana na muda kutoka nyumba ya mgonjwa mmoja hadi ya mwingine hakuna aliyenipa hata betri, lakini nilipokuwa sina tena pa kuchelewa, nikapewa saa. Nikashukuru, nikala keki, nikaketi. Ndipo Furaha, binti wa Kikongo aliyesafiri kutoka tawi letu la Stafford kuja kuniaga, akaniinamia sikioni.

“Mama Wakio, utuandikie kidogo. Batoto banaanza hii kazi, habayue kitu. Utuambie vile ulikuwa unafanya, surtout, zaidi sana ile ya Ujerumani.”

“Ya Ujerumani hao wengine wameisikia kwa nani?”

“Mama, kila mtu anaiyua. Ila kila mtu iko na yake.”

Basi hii ndiyo yangu, na ndiyo ya kweli kwa sababu mimi nilikuwepo. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilianza nikiwa mhudumu wa wazee majumbani na nimemaliza nikiwa mhudumu wa wazee majumbani mwenye goti bovu. Mshahara nao mnaujua. Ni uleule unaowafanya mchukue zamu ya Jumapili na kumwambia mchungaji mnaumwa.

Siku ya kwanza nilipelekwa Plano, kwa bibi mmoja mwenye mwili mkubwa na paka wengi. Aliyenifundisha kazi alikuwa Salome, mama wa Nakuru aliyetutangulia sote Texas. Nilifika na sare iliyopigwa pasi, viatu vyeupe na cheti changu ndani ya bahasha, nikidhani kuna mtu atakiulizia. Salome alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

“Uko na belt?”

Nikamwonyesha mshipi wa suruali yangu.

“Si hiyo, dada. Belt ya mgonjwa. Hapa hu-lift mtu na nguvu za Yesu peke yake. Unamfunga kiunoni, unamshika na nyuma, mnahesabu pamoja, anasimama. Mkianguka, yeye ata-sue, wewe utalia.”

Mkanda huo ni kitambaa kipana, kigumu, chenye kifungo cha chuma. Nunueni wenu. Ule wa ofisi umeshazunguka viuno vya Dallas nzima. Salome alinifundisha pia kupasha mikono moto kabla ya kumgusa mtu, kubisha hodi hata kwenye mlango wa asiyesikia, na kutobishana na mtu asiye na meno mpaka ayavae. Vitabu vya mafunzo havikuwa na hayo. Vilikuwa na picha za wagonjwa wanaotabasamu, ambao mpaka nastaafu sijakutana nao.

Kesi ngumu hazikukosekana. Kulikuwa na mwalimu mstaafu pale Carrollton aliyenifukuza kazi kila asubuhi na kuniajiri upya kila mchana, baada ya kunifanyia usaili. Nilipita usaili wote. Kulikuwa na babu wa Irving aliyeficha meno yake ya bandia ndani ya kiatu changu, kisha akawapigia simu polisi kwamba nimemwibia meno. Polisi wakaja, wakatafuta, wakayakuta kwenye kiatu changu. Jaribuni kulieleza hilo kwa Kiingereza cha haraka.

Mzee Dieter nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Alikuwa Mjerumani aliyehamia Texas akiwa kijana, akafanya kazi ya uhandisi wa simu katika zile ofisi za Richardson mpaka akastaafu, mkewe akafa, na ugonjwa wa kutetemeka ukamshika miguu na mikono. Wahudumu walionitangulia walidumu kwake muda wa maziwa kuharibika. Alitaka supu yenye joto fulani, si zaidi wala si pungufu, na aliipima. Kila skrubu katika gereji yake ilikuwa na mkebe wake. Mimi nilimpenda tangu mwanzo. Mtu anayekugombeza kwa sababu ya supu hajakata tamaa ya kuishi.

Hakuwa msemaji. Lakini ukutani mwa chumba chake palikuwa na picha moja tu, ya msichana amesimama jukwaani, mdomo wazi, anaimba. Nilidhani ni marehemu mkewe. Siku moja nikiwa namkata kucha, akasema bila kuulizwa:

“Huyo ni Gisela, dada yangu. Yu hai. Hasemi na mimi.”

“Tangu lini?”

“Tangu mama afe.”

Akanieleza kwa ufupi wa mhandisi. Mji wao mdogo una tamthilia yake, yaani jumba la maonyesho lenye waigizaji na waimbaji wake, na Gisela alikuwa ameanza kupewa sehemu za kuimba peke yake. Mama yao akapooza. Gisela akaacha jukwaa, akarudi nyumbani kumuuguza mpaka mwisho. Dieter alikuwa huku, ana kazi nyingi. Hata mazishini alifika maua yameshanyauka. Gisela akafunga mlango na hakuufungua tena. Aliuza viatu dukani mpaka akazeeka, kisha akarudi kuimba katika kwaya ya nyongeza ya tamthilia ileile, ile ya wenyeji wanaoitwa pale wanapotakiwa watu wengi jukwaani. Barua za kaka yake zilirudi zikiwa hazijafunguliwa.

“Ninataka anisemeshe kabla sijafa,” alisema. “Hata akinitukana, sawa.”

Binti wa mzee anaishi Houston, mwanasheria, mwenye sauti ya mtu anayetazama saa. Alikubali safari ya Ujerumani kwa masharti mawili: nifuatane na mzee, na tukirudi, auze nyumba ya Richardson ahamie kwenye makao ya wazee karibu na kwake. Mzee Dieter akakubali yote bila kusoma. Mimi nikaanza kutafuta soksi nzito. Watu wengine huenda Ulaya kuona minara. Mimi nilikwenda kugawa vidonge kwa saa za nchi nyingine.

Mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya stesheni, watu wa kanisani wanakuombea afya. Kwa ukubwa huo, mji wa Texas ungekuwa na kituo cha petroli na duka la magodoro. Ule ulikuwa na okestra. Ulikuwa na waimbaji, wacheza dansi, waigizaji, mafundi wa kushona nguo zao, wote wakilipwa mshahara na mji, na jengo lenye nguzo utadhani ikulu. Nilimuuliza Mzee Dieter ni nani anayejaza viti. Akanijibu kwamba ni mji.

Siku tuliyofika alimpigia dada yake simu kutoka hotelini. Nilisikia sauti ya mwanamke ikisema neno moja, halafu simu ikakatwa. Mzee alikaa na ile simu mkononi kwa muda, maskini, mtu aliyetengeneza simu maisha yake yote.

“Tutakwenda kwenye tamthilia kila jioni,” alisema. “Nyumba yake ataifunga. Tamthilia hawezi kuikosa.”

Jioni ya kwanza nilijifunza kwamba huko koti haliingii ukumbini. Koti lina chumba chake, wahudumu wake na namba yake, na linapokewa kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kupokewa nayo hospitali yoyote ya Dallas. Nilijaribu kueleza kwamba mifukoni mna dawa, tishu, kifaa cha kupimia pumzi kidoleni na ndizi ya mzee. Mhudumu akanisikiliza kwa makini, akalichukua koti. Dawa nikazitia kwenye sidiria, ndizi tukaila hapohapo mlangoni huku watu wenye tai wakitupita.

Nafasi ya kiti cha magurudumu ilikuwa pembeni, na jirani yetu alikuwa mama mmoja mwenye shingo ndefu na tiketi ya msimu mzima, maana yake ni kwamba kiti kile ni chake mpaka kiama. Nilipofungua peremende, alisema “Ssst!” Nilipomuuliza mzee kama amekaa vizuri, “Ssst!” Nilipovuta pumzi, akanitazama kwa tahadhari. Nikamwita Bi Nyamaza. Jina lake halisi sikuwahi kulijua, na yeye hakupoteza muda kunijulisha.

Ilikuwa hadithi ya mfalme, kwa maelezo ya kile kijitabu. Mfalme alitoka amevaa suti ya karani wa benki, akapanda juu ya friji. Ufalme wote ulikuwa friji ile. Baadaye akatoka mwanamume mwingine akiwa uchi kabisa, akatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Watu wote wakatulia kwa mawazo mazito. Mimi nimewaogesha wanaume miaka yote hiyo kwa kulipwa, na sasa nilikuwa nimevuka bahari kukaa kwenye kiti cha kulipia nimwangalie mmoja ambaye hata sabuni hana. Wakati wa mapumziko nilimpigia Furaha.

“Mama, unasema balilipa kuangalia friji?”

“Friji na mwanamume uchi.”

“Uchi namna gani? Uchi-uchi?”

“Uchi wa kuogeshwa.”

“Seigneur! Na hauko hata on the clock ya kumuogesha?”

Lakini nisiwadanganye. Katika sehemu ya pili alisimama mwigizaji mmoja wa makamo, mwanamke, akasema maneno marefu ambayo sikuelewa hata moja, na nywele za mkono wangu zikasimama. Ukumbi mzima ulishika pumzi pamoja naye. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinyamaza kwa hiari, hata kwenye maombi ya kufunga. Nilifurahi sana, na nikaona aibu kufurahi mbele ya Bi Nyamaza.

Ila nimeruka jambo. Katika mapumziko hayo, watu wakinywa mvinyo wa mapovu na kutafuna mikate ya chumvi iliyosokotwa, Mzee Dieter alinibana mkono. Upande wa pili wa ukumbi wa mbele palikuwa na bibi mwembamba, mgongo wima, blauzi ya kijani, ameshika glasi. Alikuwa Gisela, naye akamwona kaka yake. Akaiweka glasi chini taratibu, akaenda kuchukua koti lake, akatoka. Akaacha nusu nzima ya tamthilia. Kwa mtu aliyelipia tiketi, tena Mjerumani, hiyo ni chuki ya kweli.

Jioni iliyofuata ilikuwa opera, na Gisela alikuwamo miongoni mwa wafuaji nguo wa kijiji. Mzee alimwonyesha kwa kidole kinachotetemeka. Alikuwa wa tatu kutoka kwenye beseni. Kuhusu opera naweza kusema hivi: mimi mhudumu wa wagonjwa, sijawahi kuona mtu aliyechomwa kisu akapata pumzi ya kiasi kile. Yule dada aliimba akiwa amesimama, akaimba akiwa amepiga magoti, akalala chali akaimba zaidi, na wanaume watatu wamemzunguka wakiimba nao, hakuna hata mmoja aliyekandamiza kidonda. Bado nililia. Nililia na kamasi zikatoka na tishu zilikuwa kwenye koti.

Kwaya nayo! Mimi naimba sauti ya pili kanisani kwetu Carrollton. Kwaya yetu huanza kila mtu akishafika, na mpiga kinanda hufika baada ya kila mtu. Wale waliingia pamoja, wakavuta pumzi pamoja, wakakata neno pamoja, na nusu yao ni watu wa duka la viatu na posta. Nilipiga makofi kwa furaha. Kumbe wimbo ulikuwa umesimama tu kupumzika. Nilipiga makofi peke yangu katika ukumbi mzima. Bi Nyamaza hakusema hata “Ssst”. Aliniwekea mkono wake juu ya wangu, akaushika mpaka mwisho, kama mama anayemshika mtoto barabarani.

Ulipofika wakati wa makofi halali, walipiga mpaka viganja vikawaka. Waimbaji walitoka, wakainama, wakaondoka, wakaitwa tena, wakainama tena, yule aliyekufa akiwa wa kwanza. Mzee hakungoja. Alitaka tuwahi mlango wa nyuma, wanakotokea waimbaji.

Kulikuwa na baridi pale nyuma. Alikataa Gisela amkute ameketi, kwa hiyo nilimfunga mkanda, tukahesabu, akasimama. Walitoka wafuaji nguo, mmoja mmoja, wamebeba mifuko, wakituaga bila kutujua. Alitoka marehemu, anavuta sigara. Mzee Dieter alisimama kadiri miguu yake ilivyoruhusu, kisha zaidi kidogo. Mwishowe bawabu akazima taa ya mlangoni, akatueleza kwa upole kwamba Bibi Gisela ameshatoka kwa mlango wa jikoni. Nilimketisha mzee, nikamfunika blanketi. Nilikuwa na hasira na yule mwanamke kiasi cha kutaka kwenda kumgongea mlango kwa teke. Usiku huo hakuipima supu yake, na hilo liliniogopesha kuliko shinikizo la damu la aina yoyote.

Ikabaki jioni moja. Ndege yetu ya kurudi ilikuwa kesho yake, nyumba ya Richardson ilikuwa na mnunuzi, na sote wawili tulijua kwamba hakuna safari nyingine. Jioni hiyo ilikuwa tamasha la kufunga msimu, kwaya na okestra, katika ukumbi wa mji badala ya kwenye tamthilia. Hapo hapakuwa na pazia wala shimo la okestra. Palikuwa na jukwaa fupi lenye ngazi chache, na sisi tulikuwa pembeni mwa safu za mbele, Bi Nyamaza ubavuni mwetu, kwa kuwa tiketi ya msimu hufuata mwenyewe popote.

Gisela alikuwa safu ya kwanza ya kwaya, amevaa nyeusi. Katikati ya wimbo mmoja mrefu, wenzake wakanyamaza, akapiga hatua moja mbele, akaimba ubeti mmoja peke yake. Sauti ilikuwa ya bibi. Ilikuwa na ufa, haikujificha, na haikukosea mahali. Halafu akarudi safuni na kwaya ikaendelea.

Nikamgeukia mzee. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, na mikono inayotetemeka haikuweza kuyafuta. Akanivuta mkono wa blauzi.

“Grace,” akaniita kwa jina langu la ubatizo. “Mwambie niko hapa.”

“Sasa?”

“Mwambie.”

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila mtu ana yake. Kwetu Pwani, na hata kanisani Carrollton siku ya shukrani, mwimbaji akikugusa moyo hukai tu ukamtazama. Unainuka, unacheza mdogo mdogo mpaka mbele, unamtuza: noti mkononi, au begani, au kwenye paji la uso kama Wakongo wamo. Kama anayeguswa hawezi kuinuka, anamtuma mtu, na aliyetumwa anamtaja aliyemtuma, ili mwimbaji ajue ni moyo wa nani. Na noti huwa ya mwenye moyo, si ya aliyetumwa. Mimi nilikuwa nimetumwa na mtu asiyeweza kuinuka kwenda kwa mwimbaji aliyemgusa. Sikuona kitu cha kufikiria. Nikatoa noti kwenye pochi ya mzee iliyoning'inia kwenye kiti chake, nikainuka.

Goti langu lilikuwa zima siku hizo. Nilikwenda kwa mwendo wa wimbo, bega hili, bega lile, polepole, sikumharakisha mtu. Niliona kiongozi wa okestra akinitazama kwa jicho moja huku jingine likiwa kazini. Nilipanda zile ngazi. Nilipita mbele ya sauti ya kwanza, ambayo ilipungua nilipopita, nikafika kwa Gisela, nikamwekea noti mkononi juu ya karatasi zake za nyimbo.

“From your brother,” nikamwambia kwa sauti ya kusikika. “Dieter. Yule pale.”

Nikashuka, bega hili, bega lile. Sauti ya pili ilikuwa imepotea kabisa. Nilitaka kuwasaidia lakini sikujua maneno. Nilipoketi, Bi Nyamaza alikuwa amefunika uso kwa kijitabu cha tamasha.

Wimbo ulifika mwisho, jinsi ulivyofika. Hakuna aliyepiga makofi. Gisela akatoka safuni. Akashuka ngazi, akaja moja kwa moja kwetu, mgongo wima, ameshika ile noti kwa ncha mbili za vidole kama mtu anayepeleka nepi jaani. Akasimama mbele ya kiti cha kaka yake na kuanza kusema. Hakupaza sauti, na hakuhitaji, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza vile wanavyojua wao.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, Bi Nyamaza akafungua kinywa kwa jambo jingine. Alinisogelea sikioni na kunitafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa raha ya mtu aliyelipia msimu mzima na leo tu ndipo ameona tamthilia.

“Anasema, mama alilala kitandani miaka, na wewe ulituma pesa. Anasema, nilikuandikia nahitaji mtu wa kunisaidia kumgeuza, ukatuma pesa. Nikakuandikia anakuita jina lako, ukatuma pesa nyingi zaidi. Anasema, ulikuwa unatuma kwa benki. Sasa unatuma kwa huyu mama.” Akanigusa bega. “Huyu mama ni wewe.”

Nilikuwa nimeshaelewa. Katika vitu vyote vilivyoko duniani vya kumpelekea yule mwanamke, maua, salamu, wimbo, hata ndizi, nilikuwa nimemchagulia pesa. Mzee hakuwa amenieleza sehemu hiyo. Lakini hata katika aibu ile niliona kitu kimoja: alikuwa anamsemesha.

Gisela alimnyooshea noti. Mzee Dieter hakuipokea. Aliweka mikono yake miwili kwenye mikono ya kiti na kuanza kuinuka peke yake, bila kuhesabu, bila kuniambia, jambo ambalo Salome angemchapa kwalo. Niliruka nikamdaka chini ya kwapa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na kiti kilitetemeka naye. Akamtazama dada yake usoni, akasema sentensi moja fupi.

Nikangoja. Kimya sikioni mwangu. Nikamgeukia Bi Nyamaza, nikamkuta analia, mkalimani mzima, kazi ameiacha katikati. Nikampiga kiwiko.

“Kasema nini?”

“Amesema, safari hii sikutuma. Nimekuja.”

Mtu mmoja huko nyuma akaanza kupiga makofi, na Bi Nyamaza, machozi yakimtiririka, akageuka akamwambia “Ssst!”

Gisela alisimama palepale. Noti ilikuwa imemponyoka, iko sakafuni, na hakuna aliyeiangalia. Alikuwa anaitazama miguu ya kaka yake, jinsi magoti yalivyokuwa yanakunjika na kukataa kukunjika, kisha akatazama mkono wangu. Uso wake ukawa mkali tena. Akanifokea mimi safari hii, maneno mengi, haraka.

“Anasema unamshika vibaya,” Bi Nyamaza alininong'oneza. “Anasema ukimshika kwapani utamtegua bega. Anasema amemshika mama yao miaka mingi, anajua. Anasema umpishe.”

Nikampisha.